Alama za Tairi Chalbi si Barabara

Kama umepanga kwenda Jangwa la Chalbi, North Horr, Loiyangalani au Sibiloi msimu huu wa mvua za vuli, soma haya kabla hujafunga mizigo. Kama tayari uko Marsabit, tulia mjini usome hapo hapo. Jambo lenyewe ni moja: ukishashuka jangwani, usiiache barabara inayopitwa na malori ya wenyeji ukafuata alama za tairi zilizokata kushoto au kulia, wala usifuate mstari wa ramani ya simu uliochorwa na mtu usiyemfahamu. Alama nyingi kati ya hizo hazikuachwa na mtu aliyejua anakokwenda. Ziliachwa na aliyepotea, au aliyetafuta mahali pa kupigia picha, au aliyekwama mbele kidogo, pale macho yako yasipofika.

Nalisema hili kwa haraka kwa sababu hatari yake inaenea yenyewe. Gari la kwanza likipita kwenye uwanda huacha alama zinazokaa miezi, pengine miaka. Dereva wa pili akiziona hudhani ni njia ya mkato. Wa tatu hukuta alama za magari mawili, na shaka yote inamtoka. Kisha mmojawao, kwa nia njema kabisa, huihifadhi safari yake kwenye programu ya ramani na kuwatumia marafiki. Mstari ule unaanza kuhama kutoka simu hadi simu. Hauna mwezi wala mwaka. Haukwambii kwamba aliyepita alipita Agosti ardhi ikiwa kavu, na wewe unapita Novemba. Likizo ndefu ya shule huanguka wakati ule ule ambao mvua zinaifikia kaskazini, na misafara ya magari imeshaanza kupangwa.

Tuelewane: simkatazi mtu kwenda. Wakenya wengi wameijua nchi hii kwa habari za ukame na za wizi wa mifugo tu, na hiyo ni dhuluma kwa wakazi wake na hasara kwetu sisi wengine. Kati ya Mlima Marsabit na mpaka wa Ethiopia kuna miji midogo yenye heshima yake: Maikona, Kalacha yenye chemchemi na mikoma, North Horr ya Wagabra ambako ngamia hunyweshwa kwa zamu, Loiyangalani yenye upepo mkali, ambako wenyeji ni Waelmolo, Waturkana, Wasamburu na Warendille. Kuna Ziwa Turkana, ziwa la kudumu la jangwani lililo kubwa kuliko yote duniani. Mbuga tatu za ziwa hilo, Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini, ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na tangu mwaka 2018 ziko pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nenda. Ila nenda ukijua kilichobadilika na kisichobadilika.

Kilichobadilika ni njia ya kufikia huko. Zamani safari ya Isiolo hadi Moyale, kilomita kama 500, ilikuwa ya siku kadhaa juu ya lori, katikati ya magunia na mbuzi, na mgeni alijifunza jangwa kutoka kwa utingo kabla hajalikanyaga. Sasa kuna lami mpaka mpakani. Ukiondoka Nairobi alfajiri, usiku unalala Marsabit. Kutoka Laisamis kuna barabara nyingine ya kilomita 208, iliyotengenezwa ili kupitisha vifaa vya mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo karibu na Ziwa Turkana. Barabara hizi zimewafaa wenyeji, na hakuna anayetaka zirudi zilivyokuwa. Lakini zimemfikisha ukingoni mwa Chalbi mtu ambaye hajawahi kuuliza maji yako wapi.

Marsabit yenyewe inachangia kumpotosha mgeni huyo. Mji uko juu ya mlima wenye msitu, na asubuhi nyingi ukungu umetanda hadi milangoni. Ndani ya hifadhi kuna Ziwa Paradise, katika kinywa cha volkano ya kale, na ndiko alikotembea Ahmed, tembo wa pembe kubwa ambaye Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe mwaka 1970. Mgeni hulala chini ya blanketi mbili, huamka kwenye baridi, hunywa chai, hupakia katoni mbili za maji ya chupa, na kushuka. Baada ya saa mbili tatu yuko kwenye joto linalompokonya maji mwilini bila hata kuona jasho, maana upepo hulikausha kabla halijateremka. Alipanga safari kwa hali ya hewa ya mlimani.

Sasa tuitazame Chalbi kwa karibu. Hii ilikuwa sakafu ya ziwa, na ziwa lilipokauka liliacha udongo wa mfinyanzi wenye chumvi, tambarare kiasi kwamba kwenye mwanga wa adhuhuri upeo wa macho hutetemeka na magari ya mbali huonekana yakielea. Ukisimama juu yake wakati wa kiangazi ni pagumu, pamepasukapasuka, gari linakwenda raha kuliko kwenye barabara ya kokoto iliyo pembeni. Hapo ndipo mtego ulipo. Mvua ikinyesha, au ikinyesha mbali na maji yakateremka polepole hadi kwenye bonde hili lisilo na mlango wa kutokea, maji hutuama. Mvua zikiwa kubwa, Chalbi hurudi kuwa ziwa la kina kifupi. Jua likirudi, sehemu ya juu hukauka kwanza. Inang'aa nyeupe kwa chumvi, inaonekana ngumu, lakini ni utando juu ya uji uliopoa.

Gari likiingia hapo, dereva hasikii kitu kwa mita mia mbili za kwanza. Kisha usukani unakuwa mzito. Anakanyaga mafuta, na hilo ndilo kosa, kwa sababu tairi za nyuma zinaukata ule utando na kurusha tope jeusi lenye harufu ya chumvi na kuoza. Tope hili halidondoki. Linajaza mifereji ya tairi mpaka tairi inakuwa laini kote, haina meno tena. Dereva anaweka gia ya kinyumenyume, anachimba zaidi, na kabla ya dakika tano gari limekalia difu. Nguvu ya magurudumu yote manne haisaidii kitu gari likishakalia tumbo. Gari la pili linalokuja kulivuta linapita kwenye alama zile zile, kwenye utando uliokwisha kudhoofishwa, na sasa yamekwama magari mawili. Haya ndiyo unayoyafuata unapofuata alama za tairi: hujui kama ni alama za aliyepita au za aliyezama.

Dereva wa lori wa Kalacha au North Horr hafanyi hivyo. Akiona weupe unaong'aa upya, huzunguka ukingoni, juu ya mawe meusi ya volkano, hata kama itamla nusu siku na tairi moja. Mgeni humwona anapoteza muda.

Hatari ya pili ni laga, hivyo ndivyo iitwavyo mito mikavu kote kaskazini. Laga ina mchanga safi na migunga yenye kivuli, na ndiyo sababu wageni hupenda kupiga kambi humo. Usipige kambi ndani ya laga hata usiku mmoja, hata kama anga ni jeupe. Mvua inayokujia huenda imenyesha saa kadhaa zilizopita kwenye Mlima Kulal au Milima ya Hurri, na wewe hukuona hata wingu. Kinachotangulia ni povu la kahawia lililobeba vijiti, majani makavu na mavi ya mbuzi, linasogea kwa mwendo wa mtu anayetembea. Watoto hulikimbilia kulitazama. Maji yenyewe yako nyuma yake, na hayapigi hodi. Maji ya magotini yanayokwenda kasi yanatosha kuliburura gari lako. Ukikuta laga imejaa, kata injini usubiri ukingoni. Mara nyingi hupungua kwa saa chache. Aliyevuka mbele yako kwa bahati hajakupimia kina.

Ziwani, ramani hudanganya kwa namna nyingine. Maji ya Turkana yamepanda sana miaka ya karibuni na kumeza nyumba, makaburi na vipande vya njia ufukweni. Waelmolo wa kijiji cha Komote walijikuta wakiishi kisiwani mahali ambapo zamani walikwenda kwa miguu. Mstari wa kandokando ya ziwa uliochorwa kabla ya hapo unaweza kukuingiza majini au kwenye tope la ufukwe ambako mamba huja kuota jua. Upepo wa Loiyangalani nao una ratiba yake, na huvuma kwa nguvu hasa usiku na alfajiri. Usimshinikize mwenye mashua akupeleke Kisiwa cha Kusini kwa sababu umelipia hoteli siku mbili tu. Akisema leo hapana, hiyo ndiyo huduma uliyomlipia. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa mtafiti Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka hadi kisiwa hicho na hawakuonekana tena.

Kuna madhara mengine ambayo mwenye gari hayaoni kabisa, na yananiuma kuliko yote. Mwaka 1972, huko Koobi Fora ndani ya Sibiloi, Bernard Ngeneo aliona vipande vya mfupa vimetapakaa juu ya mteremko uliomomonyoka. Vilikuwa zaidi ya 150. Vilipounganishwa, vikawa fuvu linalojulikana dunia nzima kwa namba yake, 1470, la kiumbe wa ukoo wa binadamu aliyeishi karibu miaka milioni mbili iliyopita. Fikiria vipande vile kabla hajaviona: kokoto za rangi ya udongo, juu kabisa ya ardhi, hazijafukiwa. Tairi moja ingepita hapo asubuhi ile, dereva asingehisi chochote. Sibiloi yote iko hivyo hadi leo. Kila mvua hufunua kitu kipya. Anayeiacha njia ya askari wa wanyamapori ili azunguke kilima apate picha nzuri ya machweo huenda anasaga kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekiona. Na anayeokota jiwe la ajabu akalitia mfukoni amevunja sheria ya makavazi na urithi ya mwaka 2006, tena ameliondoa mahali palipokuwa nusu ya maana yake.

Mawe nayo. Gari likikwama, watu hutafuta mawe ya kuweka chini ya tairi, na kwenye nchi tambarare mawe yaliyokusanywa tayari ni yale ya marundo. Marundo mengi ya mawe katika eneo hili ni makaburi. Mengine ni ya jana, ya watu wenye wajukuu walio hai pale North Horr. Mengine ni ya kale mno: nguzo za mawe za Jarigole, upande wa mashariki wa ziwa, zilisimamishwa na wafugaji zaidi ya miaka 4,000 iliyopita juu ya wafu wao. Beba mbao zako mbili nene kutoka nyumbani. Hakuna haraka inayokupa ruhusa ya kubomoa kaburi la mtu.

Ukikwama, anayelipa si wewe peke yako. Atakayekukuta pengine ni kijana mchunga ngamia, naye hatakuacha; atakimbia kuita watu. Watakuja akina mama na mitungi ya lita 20 ambayo wameifuata mbali, na watawapa mnywe. Nchi hii ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua zilizokosekana, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, na familia nyingi zilipoteza mifugo karibu yote. Mtungi mmoja ni maji ya nyumba nzima. Msafara wa watu kumi na wawili waliokuja na katoni mbili za chupa unaweza kuimaliza akiba ya manyatta kwa jioni moja, na wenyeji hawatakwambia.

Tena kuna mpaka. Ukitoka North Horr kuelekea Dukana au Forolle, au kaskazini ya Sibiloi kuelekea Illeret, mstari wa Kenya na Ethiopia haujachorwa ardhini mahali pengi. Alama za tairi zinaweza kukuvusha bila kujua, na kituo cha kawaida cha uhamiaji upande huu kiko Moyale. Lakini zaidi ya karatasi, wafikirie wakazi. Watu hawa wamewahi kulipa gharama kubwa ya ugomvi wa malisho: huko Turbi, Julai 2005, waliuawa watu zaidi ya 50, wakiwemo watoto wengi. Mwaka 2022 Serikali iliweka kafyu Marsabit kwa sababu ya mauaji. Mfugaji akiamka akakuta alama ngeni za magari karibu na kisima, hawazi watalii. Anahamisha watoto na kuwaita vijana wenye bunduki. Gari linalozurura usiku nje ya barabara linaweza kuzua taharuki kijiji kizima, na linaweza kupigwa risasi na mtu anayelinda nyumba yake kwa haki.

Basi fanya hivi. Asubuhi ya kuondoka Marsabit, nenda wanakopakia malori ya North Horr na Loiyangalani uwaulize madereva walioingia usiku njia ikoje. Habari ya jana asubuhi imeshachacha. Pitia polisi, waambie mnakokwenda, mko wangapi, mtafika lini. Mwachie mtu mmoja nyumbani maneno ya wazi: tusipopiga simu kufikia saa fulani ya siku fulani, anza kututafuta. Ukishapita Marsabit mtandao wa simu hukatika kwa saa nyingi, kwa hiyo mpe muda wa kutosha, lakini usimwache bila muda. Kwenda na gari moja ni kuomba balaa. Beba lita 10 za maji kwa kila mtu kwa kila siku, kisha ongeza za siku tatu ambazo hazikuwemo kwenye mpango, kwenye mitungi na si kwenye chupa. Mafuta ya kwenda na kurudi yatoke Marsabit. Ya mapipa huko mbele yapo siku yapo. Tairi mbili za spea, pampu ya upepo, koleo, kamba.

Na mchukue mwongozaji wa huko. Mgabra kwa Chalbi, mtu wa Loiyangalani kwa ufukwe, askari wa hifadhi kwa Sibiloi. Mlipe vizuri, mkalishe kiti cha mbele, na akisema "mzee, hapa tuzunguke," zunguka. Nimeona watu wazima wakibishana na kijana aliyezaliwa pale, wakimwonyesha simu. Kwa mwongozaji hakuna aibu mbaya kuliko hiyo, na wengine, kwa adabu ya kutomvunjia mgeni heshima, hunyamaza. Ukiona amenyamaza, simamisha gari umuulize tena.

Ikiwa yamekukuta na gari limezama, acha kukanyaga mafuta mara unaposikia usukani umekuwa mzito. Shusha watu na mizigo. Punguza upepo wa tairi. Chimba nyuma ya magurudumu na ujaribu kurudi ulikotoka, kwenye ardhi uliyokwisha kuijua. Ikishindikana, kaa na gari. Gari linaonekana kutoka mbali. Mtu anayetembea haonekani, na wengi wanaofia jangwani ni wale walioliacha gari kwenda kutafuta msaada mchana. Tandaza turubai upate kivuli pembeni, maana ndani ya gari ni tanuri. Kunywa maji ukiwa na kiu, usiyatunze hadi uzimie nayo. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au ngozi yake ikiwa moto na kavu, au akikasirika bila sababu, huyo joto limempanda kichwani: mlaze kivulini, mloweshe nguo, mpepee bila kuacha. Usimruhusu aondoke peke yake, hata akisisitiza kwamba ameiona barabara.

Wenye kupanga misafara ya magari, neno langu kwenu ni kali zaidi. Mnachukua ada za watu wanaowaamini. Kama njia mnayoitangaza hamjaipita mwezi huu, au hamna mwenyeji aliyeipita wiki hii, waambieni wateja hivyo kabla hawajalipa. Mvua ikiwa imeshanyesha North Horr, badilisheni safari: pitieni Laisamis, au mbaki Marsabit mkaone hifadhi. Wateja watanung'unika.

Na kama wewe ni mmoja wa waliokwisha kusambaza njia ya kukata Chalbi, au ya kuzunguka nje ya barabara ndani ya Sibiloi, ifute leo. Ikiwa kuna kikundi ulichoitumia, rudi uandike hapo kwamba uliipita kiangazi, mwezi gani, na gari gani, na kwamba isifuatwe wakati wa mvua. Kisha mpigie simu kila uliyemtumia peke yake, kwa sababu yule anayefunga mizigo usiku huu huenda hatafungua ujumbe wako mpaka awe ameshuka mlimani, na huko hakuna mtandao.